Kabla ya Margherita kuna Nyamwamba

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako hunifikia kwa kuchelewa. Linashuka na basi kutoka Kampala, linasomwa kwanza na wakubwa wa mjini Kasese, halafu nakala moja inapanda na bodaboda mpaka kijijini kwangu Kyanjuki ikiwa imefungia makayabu, samaki wa chumvi wa Mpondwe. Ndiyo maana barua hii inakuja wiki tatu nzima baada ya ile makala yenu iliyowahimiza wananchi waache kushinda sebuleni, watoke wakatembee milimani. Niliisoma yote, isipokuwa kona moja iliyolowa chumvi ya samaki.

Sina ugomvi na aliyeiandika. Ila naona kila anayeandika habari za milima yetu ya Rwenzori huanzia juu. Atakutajia kilele cha Margherita, mita 5,109, atakutajia barafu iliyoko karibu na mstari wa ikweta, atakutajia yule mwanamfalme wa Italia, Luigi Amedeo wa Abruzzi, aliyefika kileleni mwaka 1906 akakipa jina la malkia wa kwao. Yote ni kweli. Lakini msomaji wa Mbarara au Fort Portal mwenye siku moja tu ya mapumziko na nauli ya kwenda na kurudi, afanye nini na habari ya safari ya siku saba au nane inayolipiwa kwa dola? Atakunja gazeti arudi sebuleni. Basi niruhusu mimi nianzie chini, kwenye mto Nyamwamba, maana huko ndiko ninakokaa.

Nauza chai. Jiko langu liko mwisho wa barabara, pale ambapo gari likifika dereva anazima injini kwa sababu hana pa kwenda tena. Nina chai ya maziwa, chai ya rangi, chapati, roleksi (chapati iliyoviringishiwa mayai), na kwa aliyeniambia asubuhi, bundu, yaani ugali wa muhogo, na sombe, mboga ya majani yake. Kutoka jikoni mpaka majini ni hatua arobaini na moja. Nimezihesabu nikiwa na ndoo kichwani, miaka mingi. Baba yangu alitoka Arua mwaka 1963 kuja kuchimba shaba ya Kilembe. Reli ilikuwa imekwisha kufika Kasese tangu 1956, na kambi ya wachimbaji ilikuwa imejaa watu wa kila kabila: Wakonzo, Watooro, Wakiga, Waalur, Wajaluo wa Kenya, Wakongo. Mama yangu ni Mkonzo wa huku huku. Wangeoana kwa lugha gani kama si Kiswahili? Nawasikia watu wakisema baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi Julai 2022. Sisi wa Kilembe tulishaidhinishana zamani, chini ya ardhi, kwa taa ya kofia.

Mgodi ulinyamaza mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nakumbuka, kwa sababu kelele zake ndizo zilizokuwa saa yetu: king'ora cha asubuhi, king'ora cha zamu ya mchana, mashine za kusaga mawe ambazo hata usingizini ulikuwa unazisikia kwenye mbavu. Zilipokoma, ndipo kwa mara ya kwanza nikausikia mto. Nilikuwa msichana. Nilimwuliza baba hiyo ni sauti ya nini, akacheka mpaka akakaa chini.

Mto wenyewe ni Nyamwamba. Unatoka huko juu penye matope na mawingu, unashuka kwa haraka kama mtu aliyeitwa, unapita kwetu, unapita Kilembe na Bulembia, unaingia mji wa Kasese, kisha unalegea kwenye tambarare na kuishia upande wa Ziwa George. Kutoka mji wa Kasese mpaka kwangu unapanda karibu mita 500, na joto unaliacha nyuma kama koti lililovuliwa. Hapa sasa ni kimya. Ni wa maji ukimya huo, maana maji hayanyamazi. Ila baada ya dakika kumi sikio linaacha kuyahesabu, na hapo unaanza kusikia vitu vingine: mbuzi ng'ambo, mtu akipasua kuni, watoto wakihesabu kwa Kikonzo.

Ngoja nikueleze, Mhariri, jinsi ya kupoteza siku moja huku. Kupoteza kwa uzuri, namaanisha. Unafika saa mbili asubuhi, kabla jua halijavuka mgongo wa mlima wa mashariki. Unakunywa chai. Halafu unaufuata mto kwenda juu, mkono wa maji ukiwa karibu nawe. Njia inapita kwenye mashamba ya kahawa. Kama ni msimu, utaona buni zimeanikwa kwenye mikeka mbele ya nyumba na bibi mmoja ana fimbo ya kufukuzia kuku. Msalimie. Ukisema “wabukire” asubuhi atakuachia upite hata pale ambapo njia imeliwa na maji na inabidi ukanyage kwenye kiunga chake. Usiposalimia ni haki yake akuzungushe. Baada ya hapo kuna mawe. Mawe makubwa kabisa, meupe na ya kijivu, yenye kumetameta ukiyainamia, yaliyolala kila upande kama mifugo iliyoshiba. Kuna moja sisi tunaliita Kitanda. Likipata jua la saa tano linapata joto kama mkeka wa msikitini, na ukilala chali juu yake miguu yako ikielekea majini, unauona mlima wote mpaka unapoingia mawinguni. Nimewaona watu wazima, wenye vyeo, wakilala pale wakakoroma.

Ukiendelea kupanda utafika mpaka wa hifadhi. Pale ada inalipwa na haupiti bila mtu wa kukuongoza, na ni sawa. Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 1991, na mwaka 1994 UNESCO ikaiingiza kwenye urithi wa dunia. Haiwezi kuwa kichochoro. Na hata huko si lazima uende kwenye barafu. Kambi ya kwanza ya njia ya Kilembe, Sine, iko kwenye mita 2,600 hivi, ndani ya msitu. Mimi mwenyewe niliishi miaka zaidi ya hamsini chini ya msitu huo bila kuuingia zaidi ya kuokota kuni pembeni, enzi hizo kabla ya hifadhi. Mzee wangu, baba wa watoto, amebeba mizigo ya wageni kwa miaka ishirini, na kila nikisema nataka kupanda ananijibu, “Unakwenda kutafuta nini, mama wa watoto? Huko hakuna soko.” Mwaka 2019 nikapanda. Kwa gambuti zake, nimejaza soksi mbili mbili. Nilichokiona cha kwanza ni shorobo, yule ndege wa kijani anayeonekana kama mtu mstaarabu mpaka afungue mabawa, ndipo nyekundu inamwagika. Nikasimama kama nimepigwa. Mwongozaji akanionyesha kinyonga wa pembe tatu kwenye tawi lililokuwa karibu na sikio langu, na hapo nikatembea kwa kasi bila kuambiwa. Nililala Sine usiku mmoja. Pimbi wa msituni hupiga kelele usiku kama mlango wa chuma usiotiwa mafuta, sikufumba jicho. Asubuhi nikarudi zangu jikoni, na tangu siku hiyo mzee wangu akisimulia habari za mlima mbele ya watu mimi huwa namsahihisha.

Nimesema mwongozaji. Vijana wetu wao hawasemi hivyo, wao wanasema “gaidi”, wamelichukua neno la Kiingereza wakaligeuza. “Mimi ni gaidi wa mlima, nina cheti.” Kuna mgeni kutoka Tanga, mwalimu mstaafu, alikunywa chai kwangu akasikia kijana anamwambia, “Mzee, kesho gaidi wako atakuja saa kumi na mbili asubuhi, utalala vizuri.” Yule mzee hakulala kabisa. Nilimweleza mwenyewe asubuhi, akacheka kwa uchungu. Na sisi huku hatukupaswa kuchezea neno hilo, kwa sababu waasi wa ADF waliifunga milima hii kwetu: hifadhi ilifungwa mwaka 1997, ikafunguliwa tena 2001, na UNESCO waliiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kuanzia 1999 mpaka 2004. Miaka ile hakuna aliyekuja kulala juu ya Kitanda.

Sasa wanakuja. Na hapa ndipo penye neno langu.

Wageni wa kutoka nje, wenye fimbo mbili na chupa ya bomba, wanahesabiwa. Wameandikwa kwenye daftari la lango, wana mtu wa mbele na mtu wa nyuma, wana mapota wa kubeba mahema, wana redio. Kwangu hunywa kikombe kimoja, wanapiga picha ya jiko, wanapanda. Sina neno nao, wanalipa. Lakini siku ya Jumamosi, siku ya Iddi, siku ya pili ya Krismasi, wanaopanda ni watoto wa Kasese. Wanafika watatu watatu kwenye boda, na spika, na soda, na mchele kwenye mfuko wa kaveera. Vikundi vya kwaya. Wanafunzi waliomaliza mtihani. Wachumba ambao hawana mahali pengine pa kuzungumza bila shangazi kusikia. Hao hawavuki mpaka wa hifadhi, wanakaa mtoni upande wa kijijini, na hakuna daftari linalowajua. Hawana choo, isipokuwa changu. Hawana pipa la taka, isipokuwa langu. Hakuna hata kibao kimoja cha kuwaambia mto huu ni wa namna gani.

Nami nakuambia, Mhariri, hao ndio wapandaji wa Rwenzori wa kweli, kwa wingi wao. Tumewaachia mto bila mlinzi, huku tukiwasifia kilele ambacho wengi wao hawatakiona.

Mwezi wa Oktoba uliopita walikuja vijana wanane, wasichana watano na wavulana watatu, kutoka mjini. Watoto wazuri, wenye adabu. Mmoja aliniamkia “shikamoo mama” mpaka nikatazama nyuma nani anaamkiwa, maana huku neno hilo halisikiki sana. Wakaniomba niwaazime sufuria kubwa ya kupikia pilau. Mimi nina sufuria moja tu kubwa, ya kuchemshia maharagwe ya mapota, imebonyea upande mmoja. Nikawapa. Wakashuka, wakawasha moto kwenye mchanga, wakapika, na pilau ilipoiva wakaipandisha na sufuria yake mpaka kwenye jiwe lililo katikati ya mto, ili wapige picha maji yakiwazunguka. Kwa hatua tatu unafika kwenye jiwe hilo wakati wa maji machache, unarukia vijiwe. Kwetu jua lilikuwa linawaka, nguo zangu zilikuwa kwenye kamba zimekauka.

Mtu wa mjini anatazama mbingu iliyo juu ya kichwa chake. Mtu wa huku anatazama ile iliyo juu ya mto. Huko juu mlimani, upande wa Mutinda, mawingu yalikuwa yamefunga, rangi ya sufuria iliyoungua. Nilikuwa nakanda unga. Kitu cha kwanza hakikuwa sauti, kilikuwa harufu: harufu ya udongo wa kaburi jipya, iliyokuja na upepo baridi uliotembea chini chini kwenye bonde wakati miti ya juu haitikisiki. Nikaacha unga. Nikatazama maji, yakawa bado maangavu lakini yanaleta majani mabichi na vijiti vyenye gome. Halafu yakawa rangi ya chai ya maziwa. Hapo huna zaidi ya dakika chache.

Nikashuka zile hatua arobaini na moja sijui kwa ngapi. “Wanangu, tokeni! Tokeni mtoni!” Spika inapiga. Mmoja akanipungia mkono, alidhani nadai sufuria. Yule wa shikamoo akasema, “Mama, tunamalizia kula kidogo.” Nikaokota jiwe nikalirusha majini mbele yao, ndipo wakashtuka wakanitazama, na kwa bahati ya Mungu walipozima spika wakausikia mto wenyewe. Kuna sauti ambayo mawe hutoa yanapoviringika chini ya maji, kama watu wanaohamisha kabati kwenye nyumba ya jirani. Wakaruka. Wa mwisho, msichana mwenye gauni refu, alishikwa mkono na wawili, vijiwe vya kukanyagia vikiwa tayari havionekani, na kiatu kimoja kikabaki. Tulikuwa tumesimama kwenye nyasi wote tisa tunahema nilipoiona sufuria yangu inaondoka. Haikupinduka. Iliondoka imesimama wima, na pilau ndani, na kijiko, ikageuka mara moja kama inaaga, ikapotea kwenye kona.

Hakuna aliyekufa. Wakalia, nikawapa chai, wakaenda. Siwalaumu, habari za mto wangezisikia wapi? Mto huu ni mfupi na mlima ni mkali. Kule juu kuna kuvumwani na mabwawa ya tope yanayonyonya maji kama sifongo, na sifongo ikishiba, tone linalofuata halina pa kukaa, linashuka moja kwa moja kwetu. Mvua inyeshe Mutinda au kwenye misitu ya Kalalama, wewe wa Kyanjuki uliyelala juu ya Kitanda hupati hata nyunyu. Utapata mto.

Na hatuwezi kusema hatukuonywa. Tarehe 1 Mei 2013, sikukuu ya wafanyakazi, Nyamwamba alishuka na mawe. Nilikuta jiwe kubwa kama teksi ya abiria kumi na wanne limekaa barabarani mahali ambapo jana yake palikuwa na kibanda cha kunyolea nywele. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 2012, moto ulikuwa umeunguza maeneo ya juu ya mlima, na wazee wengi huku wanaunganisha mambo hayo mawili: umeichoma sifongo, sasa unashangaa maji? Halafu Mei 2020, wakati wa zuio la korona, ukaja tena usiku, mito kadhaa ya wilaya kwa pamoja, na safari hiyo Hospitali ya Kilembe ikabomolewa na maji, wagonjwa wakahamishwa. Watu wamehama. Nyumba za kambi alizozaliwa mdogo wangu leo ni kokoto. Huo ndio mto ambao Jumamosi watoto wanaupandia na spika.

Sasa msije mkachukua barua hii mkaandika kichwa cha habari “Mto wa mauti”, watu wakaogopa kuja, nami nikafunga jiko. Asubuhi nyingi Nyamwamba ni mpole kabisa, na miezi ya Juni na Julai, pamoja na Januari na Februari, ndiyo mizuri zaidi kwa matembezi. Mimi naoga humo. Nachotaka ni kidogo na kinawezekana.

Mapota wanapanda na kushuka kila wiki. Mzee wangu anasema kuna sehemu za mgongo wa mlima ambako simu inashika, kwa mapande, ukielekeza uso upande wa mjini. Mwenye zamu kambini akiona mvua kubwa imeshika, apige simu moja tu kwa mtu mmoja wa huku chini. Na huyo wa chini asihangaike kupiga kelele kama mimi, ambaye koo langu liliuma siku tatu. Kilembe tuna vipande vya reli za mgodi vimelala kwenye majani tangu nikiwa msichana. Kila shule ya msingi ninayoijua ina kipande kama hicho kimeninginizwa kwenye mwembe, kinagongwa kwa chuma, na mtoto aliyeko mtaa wa tatu anajua saa ya kuingia darasani imefika. Tundikeni kimoja kwangu hapa, kimoja darajani, kimoja karibu na Bulembia. Kikigongwa, kila mtu atoke majini, awe anafua, awe anachota mchanga, awe anapiga picha. Vibao vitaongezwa baadaye. Kibao hakipigi kelele.

Fedha? Sheria ya wanyamapori inasema asilimia 20 ya ada za kuingilia hifadhini irudi kwa jamii zinazopakana nayo. Najua zina kazi nyingi na najua foleni ya wanaozingoja ni ndefu. Nimekaa kwenye mikutano hiyo, nimekula biskuti zake. Kuna mradi mmoja wa mbuzi ambao sitautaja, mbuzi wenyewe hawakuutaja pia, maana hawakufika. Kipande cha reli kinahitaji waya, nguzo mbili na mtu mwenye nyundo. Njia ya miguu inayofuata mto, iliyoinuliwa kidogo kutoka ukingoni na yenye vivuko viwili vya mbao, itahitaji zaidi, lakini vijana wa kuijenga wapo, wanacheza karata nyuma ya jiko langu wakingoja zamu ya kubeba mizigo ambayo huja mara moja kwa mwezi. Hao wakilipwa kidogo kidogo na wanaokuja Jumamosi, shilingi elfu chache kwa kikundi, watawaonyesha shorobo ni yupi, watawaambia mahali pa kukaa, na watajua nani yuko mtoni. Wenzetu wa Ruboni, upande wa mto Mubuku karibu na Nyakalengija, wana kambi yao ya jumuiya na wanatembeza watu kwenye vilima vya chini bila kumpeleka mtu yeyote kwenye barafu. Nilikwenda kuona. Chai yao ni nyepesi, lakini mambo yao yamenyooka.

Jambo jingine, kwa ufupi, kwa kuwa kila wiki naulizwa. Maji ya kuchemsha chai mtoni chukua huku juu, kwetu. Ukishuka kule ambako yamelala malundo ya mabaki ya shaba, mto unayamega kila mwaka, na maji ya hapo siyo ya kuchezea watoto hata yakionekana masafi. Moto ukiwasha, uwe mchangani, na uuzime kwa maji kabla hujaondoka, usiuzikie. Na spika, wanangu, spika. Mmetoka mjini kukimbia spika.

Mhariri, jina langu unalo kwenye bahasha, ila nakuomba libaki kwako, maana watu wa ule mradi wa mbuzi ni majirani. Mwandishi wako wa milimani mkaribishe kwangu. Atakunywa chai ya bure kikombe cha kwanza, kisha nitampeleka kwenye Kitanda, na asipolala atakuwa ni mtu wa ajabu.

Na kama gazeti hili hufika kwa wavuvi wa Hamukungu na Kasenyi, kule ziwani: sufuria ni ya alumini, kubwa, mshikio mmoja umefungwa kwa waya, imebonyea upande mmoja. Mfuniko ninao mimi. Mapota bado wananidai maharagwe.

Muuza chai,
Kyanjuki, Kilembe,
Wilaya ya Kasese.